Kamba ya Futi Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini niliunguza sikio la mchungaji. Nasema mapema ili ninyi vijana msije mkadhani nilizaliwa na kamera mkononi. Mchungaji alikuja kupigwa picha ya kichwa na mabega, nami nilikuwa nimepewa kazi moja tu, kushika mguu wa taa. Nikaona upande mmoja wa uso uko gizani, nikaisogeza taa. Nikaisogeza tena. Mchungaji akavumilia, kama wachungaji wanavyovumilia, mpaka harufu ya nywele zilizoungua ikamfikia bosi nyuma ya kamera.

Bosi alikuwa Mhindi mfupi mwenye miwani, sisi tulimwita Bwana. Hakunigombeza. Alimwomba mchungaji msamaha, akampaka siagi sikioni, kisha akachukua kamba ya katani na tepu ya fundi cherehani. Alifunga ncha moja ya kamba kwenye shingo ya taa, akapima, akapiga fundo kubwa kwenye ncha ya pili.

"Mteja akikaa, mpe fundo aweke kwa pua," akaniambia. "Wewe sogeza taa mpaka kamba iko sawa. Halafu anaachia kamba, mimi napiga. Futi tatu, dada. Chini ya hapo hapana studio, hapo jikoni."

Siku ile ile akafunga kamba nyingine kwenye taa ya pili. Hiyo ndiyo ikawa desturi yetu, na sijawahi kuiona katika studio nyingine yoyote mjini Kampala. Watu wazima wenye suti na mabibi wenye magauni ya gomesi walishika fundo kwenye ncha ya pua wakijitazama kwenye kioo na kucheka, na kicheko hicho kilitusaidia, maana mtu aliyekwisha kucheka hapigi picha ya sura ya msibani.

Niliajiriwa kwa sababu ya Kiswahili. Baba alikuwa koplo wa polisi, mtu wa kaskazini, nami nilikulia kambini ambako watoto wa makabila yote tuligombana kwa Kiswahili. Studio ilikuwa kwenye mteremko wa Mengo, na wenyeji waliongea na Ssalongo, mtu wetu wa chumba cha giza, baba wa mapacha, Mganda aliyeweza kumsifia mteja mpaka anunue picha sita badala ya tatu. Lakini askari walipoanza kuwa wengi mjini na kutaka picha za kupeleka nyumbani, Bwana aliona anahitaji mtu wa kuongea nao. Mwaka wa kwanza nilishika taa, wa pili nilishika kamera.

Sasa niwaambie habari ya taa zenyewe, maana ndiyo mnayoniuliza kila mara. Tulikuwa na za aina mbili. Ya kwanza ni taa ya kuwaka, balbu kubwa ndani ya bakuli la bati, unaiwasha inawaka mpaka uizime. Uzuri wake ni kwamba unaona kila kitu kabla hujapiga. Kivuli cha pua kikishuka mpaka mdomoni, unainua taa. Shavu likiwa bapa, unaipeleka pembeni. Ubaya wake ni joto. Mteja anatoka jasho, poda inayeyuka, na mboni za macho zinasinyaa mpaka zinakuwa kama tundu la sindano. Balbu zenyewe zilikuwa na maisha mafupi na roho nyepesi. Tone moja la maji kwenye kioo chenye moto, zinapasuka.

Aina ya pili ni fleshi. Bwana alikuwa nayo moja, sanduku zito lililonguruma likijaza umeme, likishiba linawasha kijitaa chekundu. Ukibonyeza, pa! Mwanga unakuja na kuondoka kabla mtu hajajua. Hauchomi wala hautoi mtu jasho, na mboni zinabaki pana na nyeusi, kama zinavyokuwa chumbani penye giza kidogo, kwa sababu macho hayakupata nafasi ya kujikinga. Lakini unapiga kama kipofu. Kivuli kimeangukia wapi, utakijua Ssalongo akishatoa filamu kwenye dawa. Mimi nilikuwa mtu wa taa ya kuwaka. Niliona fleshi ni ya wavivu, nami nilikuwa na kiburi cha kazi.

Wahindi walipoamriwa kuondoka nchini, Bwana alifanya kazi mpaka siku ya mwisho. Alifuta lenzi zote, akanionyesha fyuzi za akiba, akanikabidhi tepu ile ya cherehani. Hakulia, mimi ndiye niliyelia. Wiki iliyofuata studio ilipewa Meja, mtu mnene mwenye sauti ya upole, ambaye siku ya kwanza aliuliza kama kamera hutumia petroli.

Meja hakuwa mbaya kwetu. Mshahara ulikuja ukichelewa, lakini ulikuja. Tatizo likawa wateja wake. Siku moja alituletea Kapteni mmoja, na balbu zilikuwa haba, nikatumia fleshi. Ilipolia pa, Kapteni alikuwa tayari chini ya kiti na bastola mkononi, na risasi ilikuwa imepita juu ya bega langu ikatoboa pazia la nyuma lenye mawingu ya rangi. Nilibaki nimesimama, kidole bado kwenye kitufe. Kapteni aliinuka, akajipangusa magoti, akasema, "Rudia. Hiyo moja mimi nafumba macho." Ssalongo alikiziba kile kitundu kwa kipande cha shuka na kukipaka rangi ya wingu. Tangu siku hiyo ikawa sheria: mwenye sare hapigwi fleshi, anapigwa taa ya kuwaka na kamba yake ya futi tatu.

Halafu Meja akaja kuazima taa moja.

"Iko kazi ya ofisi," alisema. "Nitatuma Sajini. Wewe fundisha yeye vizuri."

Ofisi gani, sikuuliza. Siku zile hukuuliza. Nilidhani ni picha za vitambulisho, na nilifurahi kwamba kazi inaongezeka. Sajini alikuja akiwa amenyoa vizuri, mtu wa makamo, mpole, mwenye subira. Katika maisha yangu nimefundisha watu wengi, na nawaapia sijapata mwanafunzi makini kama yule.

"Dada, fundisha mimi pole pole," alisema. "Hii kitu nataka kujua yote."

Nikamfundisha yote. Balbu ikikataa kuwaka, kwanza ikaze, pengine imelegea tu. Usiiache iwake zaidi ya robo saa, izime ipoe. Mtu akae, ashike fundo puani, kamba inyooke. Futi tatu, nikamwambia, ukimkaribia zaidi utamchoma, mimi nilishamchoma mchungaji. Sajini akacheka sana.

"Na maji?" akauliza. "Kama maji nagusa?"

"Maji hapana kabisa. Tone moja tu, imepasuka."

Alirudi baada ya majuma mawili kutaka balbu nyingine. "Maji iliruka," alisema, amenuna kama mtoto aliyevunja sahani. Nikajiuliza maji yanatafuta nini kwenye chumba cha picha, nikajijibu kwamba labda paa linavuja. Nikampa balbu. Nilimkumbusha hata kuifuta vumbi. Mkiniuliza kwa nini sikufikiri, ukweli ni huu. Niliona mtu anaipenda kazi yangu, basi.

Siku ninayotaka kuwasimulia ilikuwa asubuhi ya kawaida, mvua imeshakatika. Sajini aliingia na askari kijana mwenye bunduki, katikati yao mtu mrefu aliyevaa koti ambalo halikuwa lake. Mikono ya koti iliishia karibu na viwiko. Alikuwa na miaka arobaini hivi. Baadaye nilikuja kujua alikuwa bwana mifugo wa serikali. Alitembea kama mtu anayekanyaga sakafu asiyoiamini.

"Picha ya gazeti," Sajini alisema. "Watu nasema huyu amekufa. Sasa yeye iko hapa, mzima. Piga yeye picha, macho wazi, sura nzuri. Saa sita nataka."

"Na isipotoka vizuri?"

Sajini alinitazama kwa ule upole wake. "Meja anasema, kama picha hakuna, huyu mtu hapana kazi tena."

Nilielewa kwamba watamwua. Nilimkalisha mtu yule kwenye kiti, nikaenda kuvuta taa tuliyobakiwa nayo, ile isiyoazimwa. Sikuwa nimesema neno. Sikuwa nimeiwasha bado. Nilipogeuka, nilimwona ameinua mkono, ameitafuta kamba iliyoning'inia kwenye shingo ya taa, amelishika fundo, na ameliweka kwenye ncha ya pua yake. Kisha akafumba macho, akasubiri.

Hakuwa amewahi kuingia studio yetu. Namjua kila mteja niliyempa fundo lile. Wala hakuna mahali pengine Kampala ambapo mtu angejifunza jambo hilo, isipokuwa pale ilipokuwa taa yetu ya pili.

Nilipatwa na mshtuko ambao sijui niuelezeje. Nikasikia sauti yangu mwenyewe kichwani ikimfundisha Sajini, neno kwa neno. Robo saa, izime ipoe. Maji hapana. Futi tatu. Hapo ndipo nilipoona mashavu ya yule mtu, ngozi imebabuka upande mmoja kama maziwa yaliyoganda juu ya chai, imepakwa poda juu yake.

"Washa," Sajini akasema.

Niliinama kama ninayeangalia swichi, nikailegeza balbu nusu mzunguko. Nikabonyeza. Kimya.

"Imekufa, Sajini," nikasema. "Imebaki fleshi tu."

"Ile ya pa? Hapana." Akasogea mwenyewe. "Wewe umesahau, dada. Balbu nakataa, kwanza kaza." Akaikaza kwa vidole viwili, kwa adabu, kama nilivyomfundisha. Taa ikawaka.

Yule mtu hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Alianza kutetemeka kuanzia magotini, fundo bado puani, na machozi yakatiririka kutoka kwenye macho aliyoyafumba kwa nguvu zote. Nilimwambia, "Fungua macho, ndugu." Alijaribu. Kope zilipanda kidogo, zikaanguka. Akajaribu tena. Sajini alitazama saa yake. Yule askari kijana akatazama pembeni.

Nikawaambia nimfute jasho, maana uso unang'aa. Niligeuza bakuli la taa likatazama ukutani, nikachovya kitambaa kwenye beseni la maji, nikampangusa mtu yule taratibu upande uliokuwa mzima. Halafu nilipokuwa nakirudisha kitambaa nikakikung'uta mara moja ndani ya bakuli la taa.

Ilipasuka kama bunduki. Vioo vikamwagika ukutani, askari kijana akakoki silaha, na Sajini akajikuta amepiga goti moja sakafuni. Nilisimama na kitambaa changu, nikifikiria lile tundu la Kapteni kwenye pazia, na kwamba safari hii tundu litakuwa kwangu, na hakuna wa kulipaka rangi. Sajini aliinuka polepole. Alikitazama kitambaa, akanitazama mimi.

"Maji," akasema.

"Maji, Sajini. Iliruka."

Sijui alijua au hakujua. Mtu aliyepasua balbu yangu kwa maji hakuwa na pa kuanzia kunigombeza. Saa ilikuwa inakwenda, na yeye pia alikuwa na Meja wake wa kumwogopa. Nikamwambia fleshi itafaa, nao wasimame nyuma, watazame ukuta, na yule kijana aweke bunduki kwenye kochi, kwa sababu mimi nimeshafyatuliwa risasi moja hapa na inatosha. Wakafanya hivyo. Bado nashangaa kwamba walifanya.

Sanduku lilianza kunguruma. Nilivuta mapazia, chumba kikawa na giza kidogo, nikachuchumaa mbele ya yule mtu nikasema chini kwa chini, "Hii haichomi. Fumba macho. Nikisema sasa, fungua, na kabla hujaona kitu nitakuwa nimemaliza. Mara moja tu."

"Fundo?" akaniuliza. Ndilo neno pekee nililolisikia kutoka kwake.

"Fundo hakuna."

Nikasema sasa. Akafungua. Pa.

Ssalongo alipotoa picha aliibeba mwenyewe mpaka mezani kwangu. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na nalisema hili kwa aibu. Fleshi ya mbele ilikuwa imeufuta mbabuko wa shavuni. Macho yalikuwa makubwa, meusi, yametulia kabisa. Sajini aliichukua ikiwa bado na unyevu, akanishukuru.

Siku ya pili gazeti likaitoa, jina la studio pembeni, na maneno chini yake kwamba bwana huyu ni mzima na anaisaidia serikali. Ya tatu, mama mmoja akaingia studio na gazeti limekunjwa ndani ya kanga. Alisubiri mpaka wateja wakaisha.

"Dada, huyu ni mume wangu," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha ng'ambo ya mpaka, kile kilichonyooka. "Mimi ni wa Busia, upande wa Kenya. Nilikuwa nimeshafunga mizigo niondoke na watoto, kwa maana niliambiwa ameuawa na kwamba watakuja nyumbani kwetu Bukoto. Lakini tazama macho yake. Ametulia. Mtu anayeteswa hana macho hayo. Nimefungua mizigo, nitamngoja. Nimekuja tu kuomba picha kubwa."

Hapo ndipo niliposhtuka mara ya pili, na mara hii nilijishtukia mwenyewe. Kwa fleshi yangu nilimpa mtu dakika chache za uhai, na kwa fleshi hiyo hiyo nilikuwa nawafungia watoto wake ndani ya nyumba. Ningeweza kumpa picha na kunyamaza. Siku zile mgeni akilia mbele yako, unajiuliza kwanza ametumwa na nani. Baba yangu, polisi mzima, alikuwa ametufundisha kule kambini kwamba mdomo ni mlango wa kaburi.

Nilifunga mlango wa studio. Nikamkalisha kwenye kiti kile kile.

"Mama, ukiingia chumba cha giza, macho yanafanyaje?"

"Yanapanuka."

"Basi. Mume wako alikuwa amefumba macho gizani. Alipofungua, mwanga ukamkuta kabla hajapata nafasi ya kuogopa. Hiyo picha ni ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Haina habari ya kabla yake, wala ya baada yake. Utulivu huo ni wa taa yangu, si wake."

Alilikunjua gazeti, akayatazama macho tena. Nikaendelea, maana nilikuwa nimeshafungua mdomo. "Ningempiga kwa taa nyingine, ungeyaona macho yenyewe. Nilijaribu. Hayakufunguka."

"Uliyaona wewe?"

"Niliyaona. Funga mizigo, mama. Leo."

Ssalongo alimtolea picha kubwa. Mama yule aliikunja ndani ya kanga pamoja na gazeti, akatoka bila kuaga, na sikumlaumu. Majuma mawili baadaye nilipita mtaani kwao Bukoto, jirani akaniambia nyumba iko tupu, na kwamba wanaume walikuja kuipekua siku mbili baada ya wao kuondoka. Mume hakurudi. Sijui alizikwa wapi, kama alizikwa.

Nilibaki studio kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Taa za kuwaka sikuwasha tena. Nilimwambia Meja balbu hazipatikani popote, uongo uliokuwa rahisi kwa sababu hata sukari haikupatikana, na wenye sare tukawa tunawageuza kwanza ukutani mpaka waizoee ile pa. Serikali ilipoanguka na askari wakakimbia, Meja alitoweka na kitanda chake juu ya lori. Watu waliingia katika ofisi za askari zilizoachwa kuwatafuta ndugu zao, na Ssalongo naye alikwenda kumtafuta shemeji yake. Hakumpata. Lakini jioni alirudi amebeba kitu kichwani.

"Nyabo," akasema, yaani bibi, "taa yetu imeludi. Bambi, masikini, hata kamba yake iko."

Miaka iliyofuata nilifanya kazi kwa fleshi peke yake, katika studio tatu, mpaka macho yangu yalipodhoofika nikastaafu. Vijana mmekuwa mkinialika kwenye studio zenu, mnanionyesha taa zenu mpya za kuwaka zisizo na joto, bapa kama sinia, na mnaniuliza ipi bora kwa picha ya uso. Nimekuwa nikiwajibu fleshi, kwa sababu ya joto, kwa sababu ya mboni, kwa sababu ya jasho. Nawaombeni radhi. Taa ya kuwaka ni mwalimu bora kuliko fleshi, na taa zenu hizo hazichomi mtu, zitumieni. Zile zilikuwa sababu za mbele ya watu. Sababu yangu hasa iko kwenye kopo la filamu chini ya kitanda changu, na jana niliitoa nikaipima kwa tepu ya Bwana.

Fundo la Bwana lipo kwenye ncha ya kamba, futi tatu kamili, chafu kwa pua za watu wa Mengo. Lakini kamba iliyorudi ina mafundo manne. La pili liko kwenye futi mbili. La tatu kwenye futi moja. La nne liko karibu sana na shingo ya taa hata tepu haina kazi, nimelipima kwa vidole, na ndilo lililochakaa kuliko yote.